Familia Moja

Siku hiyo Khaemba angepitia upande wa vitunguu, asingemwona Naliaka hata kidogo, na huenda ingekuwa heri kwa wote wawili.

Soko la Wakulima mjini Nakuru lilikuwa limefurika. Mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa tope, wapakuzi walikuwa wakipiga kelele chini ya magunia, na Khaemba, fundi wa mizani, alikuwa akikata kona na mfuko wake wa vyuma begani. Ndipo alipomwona msichana amepiga magoti kando ya lundo la kabeji zilizooza. Alivaa gauni la manjano na gumboots za kijani, na nywele alizifunga kwa kitambaa cheupe. Mdomoni alikuwa na mpira mwembamba uliounganishwa na chupa, na alikuwa akivuta kitu kutoka kwenye uozo ule.

Khaemba alidhani ni njaa.

"Sister, wacha hiyo. Kuja nikununulie lunch."

Msichana alitoa mpira mdomoni akamwangalia kuanzia viatu hadi kofia. "Niko na pesa ya lunch, boss. Nataka hawa." Aliinua chupa. Ndani, wadudu wembamba walikuwa wakikimbizana huku wameinua mikia kama nge.

"Unawakula?"

"Nawasoma." Ghafla macho yake yakaganda shingoni mwa Khaemba. "Tulia. Usijiguse. Nimesema usijiguse!"

Alisogea karibu, akatelezesha karatasi chini ya kola yake, akamwonyesha mdudu mwekundu na mweusi. "Ungemponda hapo, shingo ingeungua kama imemwagiwa maji moto."

"Si hiyo ni Nairobi fly?"

"Ni jina tu. Si nzi, na hajazaliwa Nairobi. Ni mbawakawa. Ona mabawa ya juu yalivyo mafupi, kama mtu mzima amevaa koti ya mtoto. Hivyo ndivyo unawajua watu wa familia yake wengi."

Khaemba hakuwa akimwangalia mdudu. Alikuwa akiangalia vidole vilivyoshika ile karatasi. "Na wewe nani?"

"Naliaka."

"Basi, Naliaka, umeniokoa. Hiyo lunch sasa ni deni."

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Naliaka alikuwa akisomea shahada ya pili huko Njoro, na kila jioni simu yake ililia kabla hajavua koti la maabara.

"Mrembo wa kabeji, umekula?"

"Fundi wangu, leo nimehesabu miguu ya wadudu mpaka naona ndoto nikiwa macho."

"Hesabu na yangu. Iko miwili, na yote inataka kukuja huko."

Jumamosi moja alimpeleka Khaemba kutega wadudu kwenye shamba karibu na Kariandusi, ambapo vumbi jeupe la machimbo hutua hata kwenye majani ya mahindi. Khaemba alivaa shati lake jeupe la kanisa. Alikabidhiwa ndoo ya matumbo ya kuku yaliyokaa juani.

"Wewe ndio mwanamke wa kwanza kunipeleka out na hii kitu," alisema, amebana pua.

Kwenye mtego walipata wadudu wa aina mbili, wembamba wale wa mabawa mafupi, na wengine wapana, wazito. Naliaka alichuchumaa, uso ukamng'aa.

"Hawa wapana ni wala mizoga. Zamani wataalamu waliwapa familia yao kivyao. Hawafanani na hawa wembamba, si ndio? Majuzi watu wakasoma jeni zao. Wakakuta wapana wametokea ndani kabisa ya familia ya wembamba. Walidhaniwa majirani, kumbe ni ndugu."

"Sasa ile familia yao ilienda wapi?"

"Ilishushwa. Ikawa tawi tu. Mimi naangalia hawa wa kwetu wanaingia wapi."

"Na wenyewe waliambiwa?"

Naliaka alicheka hadi akakaa chini. "Waambiwe na nani? Wanaendelea kula tu. Alafu kuna wengine wanaishi na siafu. Wamefanana na siafu mpaka siafu wanawalisha. Ukiweka wawili pamoja utaapa ni mapacha, kumbe kila mmoja alijigeuza siafu kivyake, kutoka tawi tofauti."

"Kwa hivyo sura ni uongo."

"Mara nyingi, babe."

Khaemba aliweka ndoo chini. "Mimi sijui jeni. Niko na mizani, na chumba moja huko mtaa wa Kiti. Nataka nikuoe, Naliaka."

"Hapa? Na hii harufu?"

"Nikingoja harufu iishe nitazeeka."

Akamkubalia. Vumbi jeupe lilikuwa limewatua kwenye nyusi, wakaonekana kama wazee wawili waliokaa kwenye ndoa maisha yao yote.

Baba yake Khaemba alikuwa amefariki, na aliyemlea ni nyanya yake, Edinah, ambaye yeye alimwita kukhu. Aliishi Lanet, kwenye ploti aliyoiacha marehemu mumewe, mzee Makokha wa kiwandani. Naliaka alienda kumsalimu akiwa na sukari, mkate na leso mpya. Kukhu alimkalisha karibu, akamshika mkono.

"Wewe ni wa kwa nani, mama?"

"Kwa Sitati, kukhu. Baba ni Sitati, babu pia alikuwa Sitati. Alifanya kazi reli."

"Sitati wa reli? Mwenye kovu kwa kidevu?"

"Huyo huyo! Ulimjua?"

"Tulikuwa majirani huko landhies, kwa zile nyumba za wafanyakazi." Kukhu aliuachilia mkono wake. Alisimama, akasema anaenda kufungia kuku, ingawa jua lilikuwa bado juu. Hakurudi mpaka mgeni wake alipoondoka.

Baada ya siku hiyo Khaemba alinyamaza. Naliaka alipiga simu ikalia hadi ikakatika. Alituma ujumbe: *Nimekukosea nini?* Alama mbili za buluu zikatokea, jibu halikuja. Alipopiga tena, msichana ndiye aliyeshika.

"Khaemba ako kwa bafu. Nani anaongea?"

Naliaka alikata. Siku zile maabara ilimshinda. Akiinamia darubini, mdudu na machozi vilikuwa kitu kimoja.

Mwishowe alijikaza. Alivaa suti yake nyeusi, akajipaka rangi ya mdomo, akapanda boda boda hadi Lanet kwenda kumtukana. Mlangoni alikutana na sauti ileile ya simu.

"Wewe ndio Naliaka? Mimi ni Mitchelle, binti ya uncle yake. Wee, afadhali umekuja. Hakuli, haongei. Ako huko nyuma."

Khaemba alikuwa ameketi kando ya kaburi la baba yake, ndevu zimemwota. Alipomwona, alisimama, kisha akarudi nyuma hatua moja. Ile hatua ilimuumiza Naliaka kuliko ukimya wote.

"Nilikuja kukutusi," alisema. "Niambie tu ni mwanamke gani."

"Hakuna mwanamke. Huyu baba yangu, mzee Makokha hakumzaa." Aliongea polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Kukhu mwenyewe ameniambia alimzaa na Sitati. Babu yako. Baba yako na baba yangu ni watoto wa mtu mmoja."

Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa.

"Nani mwingine anajua?" Naliaka aliuliza hatimaye.

"Kukhu na mimi. Na sasa wewe."

"Basi hakuna anayejua! Khaemba, nisikize. Damu yetu ya pamoja ni kama asilimia sita. Kuna nchi watu kama sisi wanaoana na hakuna mtu anageuka kuwaangalia."

"Na baba yako?"

Naliaka alijifuta ile rangi ya mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Siku ya mahari wazee watauliza koo zetu," Khaemba aliendelea. "Kukhu atakaa hapo adanganye mbele ya Mungu, ama aseme ukweli. Akisema, maankoli watamfukuza. Na huyu," aliweka kiganja juu ya kaburi, "watasema si wao, wamtoe kwa shamba yao."

"Twende mbali basi. Kampala. Popote."

"Na mtoto wetu tumpe jina la nani? Sitati, pande zote mbili?"

"Wewe uliuliza kama wenyewe waliambiwa, nikacheka!"

"Tulikuwa tunaongea juu ya wadudu, Naliaka."

"Ungeninyamazia! Ungeniacha nisijue, tuendelee tu!"

"Nilijaribu. Nilishika simu nikuite babe kama kawaida. Mdomo ulikataa."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Kukhu alitoka akiwa amejifunga ile leso mpya. Alimtazama Naliaka kidevuni, akatafuta pale mtu aliyekufa zamani.

"Mjukuu wangu," alisema. "Nilidhani nitazikwa nayo."

Naliaka alikuwa amekuja na matusi ya kutosha nyumba nzima. Sasa hakupata hata moja. Aliinama, akamshika mikono yote miwili. "Sitasema, kukhu."

Khaemba alimsindikiza hadi barabarani. Walitembea wakiacha nafasi katikati. Boda boda ilipowashwa, alifungua mdomo amuage, akatafuta la kumwita. Mrembo hakuweza. Dada hakuweza. Akapunga mkono tu.

Jumapili, baada ya kanisa, mzee Sitati alimwita binti yake sebuleni. Alikuwa amewatumia wazee wa nyumbani nauli.

"Yule fundi wako analeta watu wake lini?"

"Haji, baba. Ameniacha."

"Amekuacha? Bila sababu?"

"Bila sababu."

Mzee alitupa gazeti chini, mishipa ikamsimama shingoni. "Kijana mshenzi! Asiwahi kuona mlango wa nyumba yangu! Na wewe hukuuliza alikotoka? Huyo ni mtu wa ukoo gani, anafanyia msichana wa watu hivyo?"

Naliaka aliokota lile gazeti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza.

"Sijui, baba," alisema. "Sikuwahi kumuuliza."