Samli Niliyoipaka Injini ya Afande

Wenzangu, mimi niliamini kabisa kwamba injini ya gari la mbio ikifungwa na vyuma vyake kupakwa samli ya ng'ombe wa pembe ndefu wa Isingiro, haifi hata miaka mia! Wanywa chai wote wa Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, waliapa. Ningekataaje?

Nina miaka thelathini na mmoja, Mrundi niliyekulia Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilimaliza sekondari kwa masomo ya usiku Mbarara, na cheti changu nilikitembeza nikitafuta kazi mpaka mbuzi wa kambi wakakijua. Mwishowe nikapata gereji hapo Nyamityobora, nikafanya kazi na Mugisho, Mkongomani, rafiki kuliko ndugu wa tumbo moja.

Afande mmoja mstaafu akatuletea gari lake la zamani la milango miwili. Injini yake ilizunguka kwa kasi ya ajabu, ikilia kama nyuki milioni! Tuliifungua yote. Mugisho ndiye angeliendesha kwenye mashindano... ndoto yake tangu utotoni.

Alipokwenda Nakivale kuhakikiwa kadi ya chakula, nikabaki kuifunga. Aliniachia oil safi ya kupaka vyuma wakati wa kufunga. Nikaisukuma kando, nikajaza samli kwenye pampu ya oil na njia zake zote. Sikumwambia!

Asubuhi ya majaribio baridi iling'ata mifupa. Injini ikawaka, lakini taa nyekundu ya oil ikakataa kuzima. Halafu nikasikia, chini kabisa... ko, ko, ko.

"Ndugu, hii taa iko inasema nini?" Mugisho akauliza.

Moyo uliniambia, sema! Nikacheka. "Swichi mbovu tu, bwana! Hiyo injini itatuzika sisi wote!"

Ilipopata moto, taa ikazima. Mugisho akaondoka nalo. Sisi tuliobaki tuliusikia mlio wa injini ukipanda, ukipanda... kisha kishindo kama jiwe kwenye bati. Kimya.

Tulimkuta kwenye migomba, gari limepinduka. Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ilikuwa imevunjika na kutoboa injini. Hospitali walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Afande alimlaumu yeye, eti ameikimbiza injini kabla haijazoea. Nami nikanyamaza! Wiki tatu nilimpelekea uji, nikimtazama akiomba msamaha kwa kosa langu... Mimi ni mtu gani?

Wasomaji, mkisikia mlio, semeni papo hapo! Aibu ya "nimekosea" ni ya siku moja. Mguu hauoti tena.

Mwishowe nilimweleza yote, mpaka samli. Hakunitukana. Akasema:

"Samli inagandaka na baridi, ndugu, inazibaka njia ya oil. Ungeniuliza."