Mwito wa Nne

Alhamisi asubuhi Bi Icilda Pennycooke alikuwa barazani kwake, Goshen Hill, milimani juu ya Montego Bay, akiambua mbaazi za matanga. Dada yake Verona alikuwa ametimiza wiki moja tangu afariki, katika chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha mhogani alichoachiwa na mama yao. Kesho yake ungekuwa usiku wa tisa, ule wa kumuaga marehemu. Icilda alikuwa amemwahidi dada yake kwamba atamsindikiza ipasavyo, bila kupunguza kitu, ili asibaki akizungukazunguka kama mgeni aliyesahau njia.

Simu ikaita. Icilda alitazama jina kwanza. Katika ukoo wa Pennycooke, ukiitwa na mtu usiyemwona huitiki mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Wafu huhesabu hadi tatu tu. Mwito wa nne ndio wa mtu aliye hai. Bibi yao alifundisha hivyo juu ya sauti zinazoita kutoka vichakani. Zilipokuja simu za mkononi, Icilda hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu.

Lakini hili lilikuwa jina analolijua: Maybelle Tolliver wa Ohio, mwenye miaka themanini na minne, aliyekaa benchi moja la kanisa na Verona kwa miaka thelathini aliyofanya kazi huko.

"Icilda, mdogo wangu, usinicheke," Maybelle alisema taratibu. "Mna uhakika Verona amekufa?"

"Nilimfumba macho kwa mkono wangu, dada."

"Maana jana amenipigia."

Icilda aliweka bakuli la mbaazi chini.

"Namba yake," Maybelle aliendelea, "na ile picha yake ya kofia ya zambarau. Nikapokea. Kumbe mwanaume. Ati nimeshinda bahati nasibu, Verona ndiye aliyeniandikisha kabla hajafa, nitume ushuru tu."

Icilda alipumua. Hofu iliyokuwa imeanza kumpanda ikageuka dharau, na dharau aliizoea. Alikuwa mkuu wa posta kwa miaka thelathini na minane, na alijua kila hila iliyowahi kutungwa ili kumnyang'anya kikongwe. Akaeleza neno kwa neno, kama mtu anayesoma fomu. Kuna programu ambayo mpigaji huandika humo namba yoyote aitakayo, nayo ndiyo huonekana kwa anayepigiwa. Matapeli huvaa namba ya mtu kama mwizi anavyovaa sare ya askari. Usitume hata senti. Ikitokea namba ya Verona, kata, kisha nipigie mimi kwa namba niliyokuandikia kwenye karatasi.

"Nilikata," alisema Maybelle. "Akapiga tena. Mara hiyo ya pili hakuwa mwanaume."

"Alikuwa nani?"

"Hakusema kitu. Nilisikia tu kitu kizito, kama kitanda, kikiburutwa sakafuni."

Ukiondoa ya Maybelle, namba za watu wa kanisani Ohio zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya simu ya Verona. Simu hiyo ilikuwa ndani ya droo ya chumba cha nyuma, na chumba hicho, tangu maiti ilipotolewa, alikuwa amekivamia Rushane.

Rushane alikuwa mtoto wa marehemu kaka yao, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, mkufu wa dhahabu shingoni na nyumba ya ghorofa aliyoianza miaka minne iliyopita ambayo mpaka leo haina paa. Alikihamia chumba kwa sababu dirisha lake lilitazama mnara wa simu. Icilda alimkuta kitandani kwa marehemu, na daftari la majina mapajani.

"Rushane, umevaa namba ya shangazi yako?"

"Bisha hodi, shangazi. Niko kazini."

"Kazini! Mwanaume mzima, na kaptula, unamlilia bibi wa miaka themanini na minne akupe akiba ya dawa zake. Baba yako alivunja kokoto barabarani hadi mgongo ukapinda, lakini hakuwahi kujiita jina lisilo lake."

"Wale wana hela hadi za kumnunulia mbwa sweta." Aliinua mkono kuonyesha pete nene ya fedha. "Na mimi nimejikinga. Mganga ameiogesha hii kwa ramu siku saba."

"Pete imeoga siku saba. Wewe umeoga lini?"

Rushane alicheka. Lakini Icilda hakutoka mlangoni hadi kijana alipoifuta namba ya Verona kwenye programu, mbele ya macho yake. Aliisoma skrini mara mbili kuhakikisha. Kisha akauliza kwa nini alipompigia Maybelle mara ya pili alikuwa anaburuta kitanda.

"Mara ya pili ipi?" Rushane alisema. "Kikongwe kanikatia, nikahamia jina lingine. Sina muda wa kubembeleza."

Ijumaa matanga yalifanyika kama yalivyotakiwa. Samaki walikaangwa, supu ya kichwa cha mbuzi ikachemka, ramu nyeupe ikamiminwa kizingitini. Nyimbo ziliimbwa na dhumna zikapigwa hadi meza ikapasuka. Mwishoni lilifanywa jambo lenyewe. Wanaume wanne waliingia chumba cha nyuma, wakakibeba kitanda cha mhogani kutoka karibu na dirisha na kukiweka ukuta wa pili. Kabati likageuzwa, kioo kikafunikwa. Hivyo ndivyo marehemu anavyoagwa huku: akirudi kuchungulia hakitambui chumba, anadhani amekosea nyumba, anakwenda zake. Icilda alikitazama chumba kwa mara ya mwisho akaridhika. Ahadi ilikuwa imetimia.

Jumamosi, kabla ya saa tano asubuhi, Rushane alitokea jikoni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Kuna mjinga ananichezea," alisema. "Vijana wa bondeni hao. Wamevaa namba ya shangazi Verona, wananipigia mimi. Mimi!"

"Ulipokea mwito wa ngapi?"

"Wa kwanza. Ningeogopa nini?"

"Wakasema nini?"

Rushane alizungusha pete kidoleni. "Hawakusema. Walikuwa wanaburuta kitu."

Icilda alifuta mikono, akaenda chumba cha nyuma. Alisimama mlangoni.

Kitanda kilikuwa dirishani, mahali pake pa zamani. Kabati nalo lilikuwa limerudishwa lilivyokuwa. Kitambaa cha kioo kilikuwa sakafuni.

"Nani amerudisha hiki?"

"Mimi na jamaa zangu watatu, alfajiri. Waya wa intaneti haufiki ukuta ule, shangazi. Nifanye kazi vipi?"

Katika vizazi vitano vya Pennycooke walikuwamo walevi, alikuwamo mwizi mmoja wa ng'ombe, na mtu aliyekimbia na mke wa mchungaji. Hapajawahi kutokea mtu aliyemrudishia mfu kitanda chake ili apate intaneti.

"Pumbavu," alisema kwa sauti ya chini. "Umemwita kwa namba yake, halafu ukamtandikia."

Simu iliita mfukoni mwa Rushane. Aliitoa, akaona kilichoandikwa, akaizima. Akachukua funguo za gari. Alisema anakwenda kwa mganga kuiogesha pete upya. Alishuka kilima kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa, na vumbi lilipotulia njia ilikuwa tupu.

Icilda alijaribu kukisukuma kitanda peke yake. Hakikusogea hata unywele. Kilihitaji wanaume wanne, na wanaume wote wa mtaa walikuwa makaburini wakijengea kaburi la kesho. Alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo. Akautia ufunguo kwenye mfuko wa aproni. Kisha akakaa sebuleni, hatua tatu kutoka mlango ule, simu mezani mbele yake. Aliwasubiri.

Ilikuwa saa sita kamili mchana. Jua la wazi. Kuku wamelala vumbini.

Simu ikaita.

Kofia ya zambarau. Verona.

Icilda hakuigusa. Iliita hadi ikanyamaza.

Ikaita tena. Alikunja mikono kifuani. Kama ni Rushane, basi ni mwongo, namba ameirudisha, na mwongo atasubiri. Kama si Rushane, kanuni ni ileile.

Ikaita mara ya tatu. Iliita kwa muda mrefu kuliko zote.

Kimya.

"Sasa ya nne," Icilda aliiambia simu. "Kama una pumzi, piga ya nne."

Alisubiri. Saa ya ukutani iligonga saba. Ikagonga nane. Simu haikuita. Chumba cha nyuma hakikutoa sauti yoyote, naye hakuondoka kitini.

Saa tisa mchunga mbuzi wa jirani alikuja mbio. Gari jeupe la Rushane lilikuwa korongoni, chini ya kona ya pili, magurudumu juu. Yu hai. Mguu umebanwa na chuma. Ametoka damu tangu saa sita.

Hospitalini alikuwa amelazwa kwenye machela ukumbini, midomo imekauka. Alipomwona Icilda alianza kulia, si kwa maumivu, bali kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

"Shangazi, mbona hukuja?"

"Ningejuaje, Rushane?"

"Nilikupigia."

"Uliyenipigia ni Verona. Mara tatu. Namba uliyoapa umeifuta."

"Niliifuta! Nilikupigia kwa namba yangu. Mara moja tu, na ukapokea." Alimshika mkono. "Ukasema, tulia hapohapo, Rushi. Usipige tena, usimpigie mtu mwingine yeyote, mimi nakuja. Ukaniuliza mguu upi unauma. Ukasema unakwenda kunitandikia."

Hakuna aliyemwita Rushi ila Verona.

"Ilikuwa sauti ya nani?"

"Yako, shangazi. Sauti yako kabisa."

Icilda aliichukua simu ya Rushane, kioo kimepasuka pembeni. Alivaa miwani na kusoma kwa uangalifu, kama alivyokuwa akisoma hati za posta. Mwito mmoja, saa sita mchana. Kwenda kwa Shangazi Icilda. Umepokelewa. Dakika kumi na moja. Akatoa yake, akaziweka pamoja kifuani pa mgonjwa. Miito mitatu, saa sita mchana. Kutoka kwa Verona. Haikupokelewa.

Alimfuta machozi kwa upindo wa gauni lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Rushane alipokuwa na miaka mitano, akarudi nyumbani kabla jua halijazama.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Ufunguo ulikuwa bado kwenye mfuko wa aproni. Alifungua.

Kitanda kilikuwa ukuta wa pili. Mbao za sakafu zilikuwa na michirizi minne mipya, mirefu, kutoka dirishani. Waya wa intaneti ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kabati.

Nacho kitanda kilikuwa kimetandikwa. Shuka imevutwa bila kunyanzi, pembe zimekunjwa kwa ule mkunjo ambao Verona alifundishwa Ohio, alikouguza wazee miaka thelathini. Mto mmoja ulikuwa kichwani. Wa pili ulikuwa miguuni pa kitanda, upande wa kushoto, umebinywa katikati. Icilda aliutazama asielewe unafanya nini pale.

Jumapili walimzika Verona. Jumatatu asubuhi daktari aliomba kuzungumza na mtu wa familia. Alisema damu ilikosa kufika kwa saa tatu, hakuna la kuokoa, watakata juu ya goti. Mguu wa kushoto. Na nyumbani, alisema, mgonjwa atahitaji mto wa kuegemezea kipande kitakachobaki.

"Tayari upo," alisema Icilda.