Madame Hali Jibini

"Kwa nini samaki wangu amepikwa na wako ni mbichi?"

Ilias aliinua macho. Kwenye sahani yake vipande vya sangala vilikuwa vimelazwa vibichi, vyembamba hadi maua ya sahani yalionekana chini yake. Sahani yangu ilikuwa na sangala yule yule, ila wangu alikuwa amepitishwa motoni.

"Wanawake hapa wanapewa hivyo," alisema. "Kula, chérie."

Kwenye meza ya pili mwanamke wa Kizungu alikuwa anakula samaki mbichi. Nilimtazama, nikala wangu.

Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, kwenye mgahawa wa Kifaransa ufukweni Kibenga, ule ambao watu wa mtaa wa Buyenzi tunaupita tu tukienda kwingine. Ilias alisema ni zawadi yangu kabla ya kesho. Sahani saba, moja baada ya nyingine, kama wanavyokula kwao Lyon. Alisema "kwetu Lyon", akajisahihisha.

Ilias alikuwa mume wangu wa miaka miwili, na tangu ndoa nilikuwa nimekaa naye uso kwa uso siku tatu tu. Tulipendana kabla hajasafiri. Alipokuwa ughaibuni ndoa yetu ilifungwa Buyenzi, sebuleni kwa mjomba wangu. Kaka yake Massoudi, mwenye gereji, alikaa kwenye mkeka mahali pa bwana harusi, akashika mkono wa mjomba, akasema kwa niaba ya mdogo wake: nimekubali ndoa yake. Mume wangu alikuwa kwenye simu, na mtandao ukakatika kabla ya dua.

Tangu siku hiyo nimeshona nguo za harusi za watu, nikingoja yangu. Kesho Jumapili wanawake wa mtaa wangenipeleka nyumbani kwake kwa miguu, kwa vigelegele, na hapo ndipo ndoa ingekuwa ndoa.

Sahani ya tatu ilikuja na kitu cha kijani chenye ukubwa wa kifungo.

"Hii ni chakula ama ni sampuli?" nikamuuliza.

Ilias akacheka. Alikuwa bado anajua kucheka vizuri.

Baada ya nyama, mkuu wa wahudumu akasukuma kigari cha jibini hadi kwetu. Aliitwa Sylvère, mtu mzima mwenye glavu nyeupe. Alimkatia Ilias vipande vitatu. Mbele yangu akaweka tunda la pea lililopikwa kwenye sukari.

"Mi sipewi jibini?"

"Madame hali jibini, kama mara iliyopita," akasema kwa upole. "Hizi ni za maziwa mabichi."

"Mara gani iliyopita?"

Ilias akaweka uma chini. "Merci, Sylvère. Tuache kidogo."

"Apana. Bakia," nikasema. "Mara gani?"

Sylvère akatoa kadi ndogo mfukoni mwa koti.

"Pardon, madame. Wiki ile nilikuwa kongé, nimepumzika nyumbani, sikuwahudumia mi mwenyewe. Lakini huku kwetu mugeni haulizwi kitu mara mbili. Tunaandika, na jikoni wanafuata." Akasoma kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. "Monsieur na Madame Ilias. Meza ya dirishani, tarehe nane. Hakuna nguruwe, hakuna divai kwenye mchuzi. Madame: hakuna samaki mbichi, hakuna jibini ya maziwa mabichi, kwa sababu ya mutoto."

Akatazama tumbo langu. Akamtazama Ilias. Kisha akaifunga kadi kiganjani, akarudi nyuma hatua mbili, akageukia dirisha.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na tisa. Ilias alishuka kwenye ndege Jumatano, tarehe kumi na sita. Ndivyo alivyoniambia, na ndiyo sababu alinikataza kwenda uwanjani kumpokea: ndege itachelewa, mpenzi, usijisumbue.

Nilifungua simu, nikarudi nyuma hadi tarehe nane, nikamsomea.

"'Mpenzi, leo Lyon baridi inaua. Nimevaa soksi mbili.'"

"Mwantum..."

"Soksi mbili, Ilias. Hapa Kibenga."

Nilingoja nisikie maumivu, kama mtu aliyejikata na mkasi anavyongoja damu itoke. Hayakuja. Niliona tu kwamba pindo la kitambaa cha meza limeshonwa kwa mkono, na kwamba pale kwenye kona fundi alichoka.

"Anaitwa nani?"

"Chanelle."

"Yuko wapi?"

"Kigobe. Kwa wazazi wake. Nilikuja naye."

"Miezi mingapi?"

"Mitano." Akasogeza kiti karibu. "Sikiliza. Kule ni ndoa ya karatasi tu. Bila kufunga kwa meya hawangenipa makaratasi ya kukaa. Nilikuwa nitakueleza."

"Karatasi haishiki mimba."

"We ndiye bibi yangu mbele ya Mungu. Chanelle ni wa serikali. Na dini inaniruhusu..."

"Dini ndiyo ilikuambia ukae Kigobe siku zote hizo, mi niko Buyenzi nakuombea usiugue baridi?"

Akakunja kitambaa chake cha mkono.

"Yeye anajua kama mi niko?"

Alichukua kisu cha jibini, akakirudisha.

Simu yangu ikatikisika. Ulikuwa ujumbe wa mama mdogo Khadidja, aliyenilea: "Hina tayari. Binamu zako wanagombana nani akupake mguu wa kulia. Rudi mapema, bibi harusi hachelewi."

Nikaigeuza simu asome mwenyewe. Akasoma, akafuta jasho chini ya pua.

"Donc tufanye nini?" akauliza. "Watu wamealikwa. Kesho upelekwe, tukae, tutatengeneza polepole."

Nikaiona kesho yote. Ningerudi, ningenyoosha miguu ipakwe, ningenyamaza, na jua likizama ningekuwa nimekabidhiwa. Baada ya hapo kila mtu angeniambia nivumilie, na wangeniambia kwa upendo.

"Nataka talaka," nikasema. "Leo, kabla sijasimama hapa."

"Hiyo siwezi kuitamka."

"Sikuombi uitamke. Ulinioa kwa mudomo wa Massoudi. Niache kwa mudomo huo huo. Mpigie."

"We umepata wazimu."

"Labda. Kigobe si mbali kwa taksi. Nitauliza nyumba ambayo binti yao ametoka Ulaya na tumbo la miezi mitano, wataionyesha. Nitaingia, nitavua viatu, nitasalimia, nijitambulishe."

Sauti yangu ilikuwa ile ya kumwambia mteja kwamba gauni lake litakuwa tayari Alhamisi. Nadhani hiyo ndiyo iliyomtisha. Akachukua simu, akapiga, akaiweka mezani katikati ya makombo, sauti ikiwa wazi.

Nyundo za gereji zilisikika kwanza, kisha Massoudi.

"Bwana harusi, umeshiba? Ama wamekupa jani moja na tone la mchuzi?"

Ilias alisukuma simu upande wangu.

"Shemeji, ni mi, Mwantum," nikasema. Nikamweleza kadi, tarehe, Chanelle na mtoto. Haikuchukua hata dakika. Aliwaamuru mafundi waache kugonga, gereji yote ikanyamaza.

"Ilias. Ni kweli?"

"Kaka, kama ungenisikiliza..."

"Nimeuliza kama ni kweli."

"Ni kweli."

Massoudi alivuta pumzi.

"Mi nilikaa kwenye mukeka mahali pako. Nilishika mukono wa mjomba wake mbele ya shehe. Kila asubuhi namuona huyu mutoto akifungua duka lake, namuambia subiri, ndugu yangu anakuja." Akakohoa. "Shemeji, unataka nini?"

"Nataka unitoe pale uliponiingiza."

"Ilias, unaniweka wakili?"

"Kaka, kesho kuna watu..."

"Hao watu nitasimama mbele yao mi. Hapa kuna mafundi watatu wanakusikia. Sema ndiyo ama apana."

Ilias alinitazama. Nilitafuta usoni mwake yule kijana aliyewahi kunisindikiza dukani huku ameninyanyulia cherehani begani. Alikuwa yule yule. Sikusikia kitu.

"Nakuweka wakili," akasema. "Talaka moja."

"Mwantum binti Tajudini," Massoudi akasema, taratibu, kama siku ile ya mkeka, "kwa uwakili wa ndugu yangu Ilias, umeachika. Talaka moja." Kisha akaongeza: "Nisamehe, shemeji."

"We huna kosa, Massoudi. Ulisema ulichotumwa."

Hakuwa tena shemeji yangu. Simu ikakatika. Hadi hapo nyundo hazikuwa zimeanza tena.

Ilias hakuwahi kunigusa, kwa hiyo sikuwa na eda ya kukaa. Nilikuwa huru, na pea bado lilikuwa vuguvugu.

Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nikurudishe Buyenzi?"

"Nenda Kigobe. Mwambie kabla hajaambiwa na watu."

Aliondoka bila kugeuka. Kupitia kioo nilimwona akitafuta funguo mifuko yote, huku amezishika mkononi.

Nikamwandikia mama mdogo: "Chakula cha kesho kiliwe. Harusi hakuna. Nitaeleza nikifika."

Jibu lilikawia. Kisha likaja: "Niko mlangoni nakungoja."

Sylvère alisogea, glavu amezivua.

"Madame, nimekuharibia."

"Apana. Una kalamu?"

Alikuwa nayo. Akatoa kadi.

"Futa hayo yote ya mutoto. Andika: Mwantum. Anakula jibini."

Akaandika, akanionyesha, nikasoma, nikatikisa kichwa kukubali. Ndipo akavuta kigari, akanikatia kipande chenye mishipa ya buluu, kile nilichokuwa nimekitazama tangu mwanzo, akakiweka mbele yangu kwa mikono mitupu.

Nikakitia mdomoni. Kilikuwa na chumvi nyingi na ukali wa kitu kilichofungiwa gizani muda mrefu. Kikaniuma ulimi. Kilikuwa kitu cha kwanza kuniuma siku ile, na machozi yakaanza kushuka.

"Ni kali sana, madame?"

"Ni kali," nikasema. "Nikatie kingine."