Nuwa Anapoa

Mipigo hamsini na miwili kwa dakika.

Lakot aliihesabu kwa sikio moja, la pili likiwa limejaa upepo. Pikipiki yake, Bajaj Boxer, ilikuwa imeshapita Muhokya na sasa ilikata kona ya Kikorongo kama ya wizi. Kifuani alifunga redio ya kunasia mawimbi. Mgongoni alibeba antena ya alumini, ile ambayo watu wa Mahango waliicheka kila siku wakisema mama huyu anahama na televisheni yake.

Asubuhi mipigo ilikuwa sitini.

Sitini ni joto la mtu mzima mwenye afya. Kila mpigo uliopungua ulikuwa joto linalomtoka Nuwa, na Nuwa hakuwa amemkosea mtu duniani isipokuwa msimamizi wake wa tasnifu, aliyengoja sura ya tatu tangu Januari.

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya wanyamapori. Miaka miwili alipanda na kushuka milima ya Mahango akifuatilia kakakuona wakubwa, akiwabandika vifaa vidogo vya redio kwenye magamba. Alijua mashimo kumi na manne wanamolala. Hakuyaandika popote, maana jangili naye anajua kusoma tasnifu. Ndiyo sababu leo saa mbili asubuhi watu watatu waliingia kambini kwake, wakaacha madaftari, wakamchukua yeye.

Ila hawakujua tabia yake moja.

Kabla ya kumfunga mnyama kifaa kipya, Nuwa alikijaribu kwa kukibandika kwapani kwa plasta. Kikipata joto, mipigo inapanda. Kikipoa, inashuka. Mara nyingi alisahau, akanywa chai na kufua nguo kifaa kikiwa hapo hapo. Lakot alimtania miezi mitatu mizima. Leo alipokuta hema limechanwa na kifaa namba saba hakipo kwenye kasha, alifungua redio.

Namba saba ilikuwa inapiga.

Nuwa alimjua Lakot kwa jina la Gorret, msaidizi wa utafiti, mbeba maji na mwandika namba. Hakujua kwamba Gorret ana cheo, ana bastola ya Glock chini ya koti, na ana chumba katika kambi ya jeshi.

Alipofika Kisinga, Lakot akasimama. Akanyoosha antena, akatazama saa.

Arobaini na mmoja.

Akahesabu tena. Arobaini na mmoja.

Akapiga simu Kasese.

"Afande, ni Lakot. Mipigo iko arobaini na moja."

"Ilikuwa ngapi?" aliuliza kamanda wake, Tumusiime.

"Hamsini na mbili. Dakika ishirini tu imepita."



"Basi huyo alikufa. Mwili iko inapoa. Rudi."

"Afande..."

"Lakot! Leo ni siku ya soko Mpondwe. Sitaki risasi mpakani kwa sababu ya maiti. Rudi!"

"Tulimuacha bila mulinzi, afande. Wewe na mimi. Tulijua Desire, mukubwa wa majangili, atakuja kumutafuta."

"Tulitaka Desire. Yule kijana alikuwa chambo, unajua. Rudi. Hiyo ni amri."

Simu ikakatwa.

Lakot alikaa chini kando ya lami. Aliona haya hadi akashindwa kuinua uso. Nuwa alimgawia viazi vyake, alimfundisha kusoma nyayo, alimwambia habari za mama yake. Na yeye akaandika ripoti: *kijana yuko peke yake, mlango uko wazi.*

Jasho lilimdondokea kwenye saa. Akalifuta. Likadondoka tena.

Akaitazama ile saa.

Saa sita mchana. Jua la Kasese. Tangi la Boxer lilikuwa limemuunguza paja. Maiti gani inapoa hivi ndani ya dakika ishirini, kwenye joto hili? Mtu aliyekufa sasa hivi angebaki na joto lake hadi jioni.

Nuwa hakuwa amekufa; Desire alimtaka hai, ayataje mashimo. Alikuwa kwenye barafu.

Na barafu katika barabara hii hubebwa na watu wa aina moja tu: wachuuzi wanaopeleka samaki wa Katwe kwa Wakongo, soko la Mpondwe.

Akawasha pikipiki.

Mji wa Bwera aliupita bila kuuona. Mipigo thelathini na sita. Thelathini na mitatu. Mbele kulikuwa na mto Lhubiriha na daraja. Ng'ambo ya daraja, kwa Wakongo, Lakot hana cheo wala bunduki, na Nuwa angeminywa mpaka ayataje mashimo yote kumi na manne, kisha atupwe.

Lori tatu za samaki, zote Fuso, zilikuwa kwenye foleni.

Akanyoosha antena. Mlio ukaja kwa nguvu kutoka kila upande. Alikuwa karibu mno, redio imechanganyikiwa. *Ukikaribia sana, chomoa antena,* Nuwa alimfundisha. *Tumia waya peke yake.*

Akachomoa. Fuso ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.

Ya tatu ikalia.

"Fungua nyuma," alimwambia dereva.

"Madame, iko samaki tu. Batu ya douane hapa mupakani bamesha kuangalia."

Mlango wa pili ukafunguka. Akashuka mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi. Desire mwenyewe, na tabasamu.

"Maman, iko shida gani? Hapa beko bantu mingi. Hautapiga."

Lakot akachomoa Glock, akalipiga risasi gurudumu la mbele.

Soko likatawanyika. Mkono wa Desire ukaenda kiunoni, lakini antena ilifika kwanza. Ikamchana uso kutoka sikio hadi kidevu, akaanguka. Askari wa mpakani wakamkalia mgongoni.

Lakot alikuwa ameshapanda juu. Kasha la kwanza, samaki aina ya ngege. La pili, ngege. La tatu lilikuwa na tundu la hewa ubavuni. Alichimbua barafu kwa kucha mpaka akashika nywele.

Midomo ilikuwa kama jivu. Plasta mdomoni, kamba mikononi.

"Usife, Nuwa. Tafadhali, usife."

Wakamlaza juu ya lami inayochoma. Wanawake wa soko wakavua vitenge wakamfunika. Lakot akamvika koti lake, akamsugua miguu na kifua huku akilia bila kujificha. Mtu akaleta chai.

Mipigo thelathini. Thelathini. Thelathini na mmoja. Thelathini na mitano.

Nuwa akafumbua macho.

"Gorret," alisema, meno yakigongana. "Bamekukamata na weye?"

Kabla Lakot hajajibu, askari wa mpakani aliyemjua akaja, akapiga saluti.

"Afande, huyu Desire tumupeleke wapi?"

Nuwa akamtazama askari. Akaitazama Glock kiunoni mwa Lakot.

"Afande?"

Lakot akaifunika Glock kwa kiganja.

"Ulijua batakuja?"

Kudanganya ndiyo kazi yake. Aliifanya miezi mitatu bila kosa.

"Nilijua."

Nuwa alianza kulivua lile koti. Vidole vilikataa, akaendelea tu, bega moja, kisha la pili. Akamnyooshea.

"Nuwa, bado una baridi."

"Ni yako, afande."

Lakot akalipokea. Akalivaa likiwa limelowa, linanuka samaki, akatembea polepole hadi kwenye Boxer. Simu ikalia.

"Lakot! Nimesikia risasi imepigwa. Iko nini huko?"

"Desire tuko naye, afande."

"Na ile maiti?"

"Iko inakunywa chai."

Akakata simu. Akafunga zipu hadi shingoni, ingawa jua lilikuwa linachoma, akaondoka.