Kigoda cha Fundi Kiraka

Karatasi zilimwishia Kalamu saa kumi na mbili jioni, wakati mwenye duka la vifaa vya shule anaanza kutafuta kufuli lake. Ilibidi atoke mbio na ndara za bafuni. Jina la Kalamu alipewa na baba yake tangu akiwa mtoto wa kuchafua kuta kwa mkaa, nalo likamganda hadi chuoni, ambako sasa alikuwa anamalizia masomo ya usanifu. Ijumaa alitakiwa kuonyesha kazi yake ya mwisho: ufunguzi wa katuni ya vichekesho, zile sekunde thelathini zinazotangulia jina la kipindi. Leo ilikuwa Jumatano, na ufunguzi wenyewe haukuwa na mwisho.

"Karatasi tena?" mwenye duka alishangaa. "Unazitafuna?"

"Nachora mtu anatembea, mjomba."

"Si umchore mara moja aende zake?"

"Haendi hivyo. Kila akisogeza mguu kidogo, karatasi nyingine."

Mwenye duka alimkabidhi bunda lake huku akitikisa kichwa. "Basi huyo mtu wako atakuwa hoi."

Kalamu alicheka. Alicheka mpaka kwenye kona, kisha akaacha, kwa sababu mtu wake alikuwa baba yake, na baba yake alikuwa amezikwa miezi miwili iliyopita.

Yeye na mama yake walikaa ghorofa ya pili. Ukifungua mlango wao unakutana na korido ndefu, nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Mwisho wa korido ni chumba cha Kalamu. Katikati ni chumba cha mama, ambacho siku hizi kilifungwa mara tu jua likizama. Kando ya mlango wa mbele viatu vya marehemu vilikuwa palepale alipoviacha, na kila asubuhi mama alivifuta vumbi.

Kalamu alifungua mlango. Harufu ikampokea.

Dawa ya kuchua... Kafuri kali, ya kutoa machozi.

Baba alikuwa fundi viatu, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu ujanani. Kila jioni alilichua kwa dawa ile mpaka nyumba nzima inanuka. Lakini chupa ya mwisho shangazi aliitupa kwa mkono wake mwenyewe, siku ya pili ya msiba. Kalamu alikuwepo, aliona.

Akasimama na bunda lake kifuani.

Ko.

... Shrrr.

Ko.

... Shrrr.

Mguu mzima unakanyaga. Mguu mbovu unaburutwa. Sauti ilitokea upande wa chumbani kwake, ikaja, ikaja, ikafika katikati ya korido tupu, ikageuka, ikarudi ilikotoka.

"Mama?" alinong'ona.

Chumba cha mama kilikuwa kimefungwa.  Kalamu aliipita korido ile akiwa amejibanza ukutani, kama mtu anayempisha mwenzake, na hakujua kwa nini alifanya hivyo. Aliingia chumbani kwake akaubana mlango kwa mgongo.

Hapa inabidi uelezwe kidogo kuhusu hiyo katuni, maana bila hivyo utaniona nazusha. Shujaa wake aliitwa Fundi Kiraka, fundi anayeshona viatu vya mtaa mzima huku vyake mwenyewe vimeachama soli. Kwenye ufunguzi anatoka kazini akiwa taabani, anakiona kigoda, anakunja magoti akae... kigoda kinanyanyuka na miguu yake mitatu, kinasogea mbele. Fundi anakifuata. Anakunja magoti. Kinasogea tena. Darasa zima lilivunjika mbavu. Hata mwalimu, mtu mkavu ambaye wanafunzi walishindana kukumbuka nani aliwahi kuyaona meno yake, alitabasamu. Halafu akauliza, "Anakaa lini?"

"Hakai, mwalimu. Ndiyo kichekesho chenyewe."

"Sekunde tano za kwanza nacheka, binti. Baada ya hapo namwonea huruma. Nitafutie mwisho."

Mwisho ukagoma kuja. Mwendo wa Fundi Kiraka ulikuwa michoro kumi na sita tu. Wa kumi na sita unaungana na wa kwanza, basi michoro ileile inajirudia kadiri unavyotaka, na mtu anatembea hata mwaka mzima. Wachoraji wote hufanya hivyo, kupunguza kazi. Kalamu aliiwasha kwenye kompyuta wiki ileile ya mazishi na hakuizima tena. Akilala, fundi anatembea. Akiwa darasani, fundi anatembea. Na ukweli ambao hakumwambia mwalimu ni kwamba mwisho hakuutaka. Mtu yule akiendelea kutembea, nyumba haikuwa tupu sana.

Mwendo wenyewe ulikuwa wa baba. Mzee alijitolea mwenyewe. "Nichore na kipara changu, mwanangu," alisema. "Mguu huu umenitesa miaka yote, sasa na uchekeshe watu." Akawa anatembea koridoni, Kalamu anamrekodi kwa simu. Mara mwanga haukutosha. Tena, baba. Mara kivuli kikaharibu. Tena, baba. Mara ya tisa mzee alishika ukuta. Jasho lilimtiririka kipara kizima, lakini bado alikuwa anatabasamu.

"Mwanangu, nikae sasa?"

"Mara moja tena, baba. Mguu haukuonekana vizuri."

Akatembea. Mguu ukaonekana vizuri sana. Asubuhi yake hakuamka. Daktari alisema moyo ulikuwa mgonjwa siku nyingi, hakuna wa kulaumiwa. Lakini daktari hakuambiwa habari ya mara ya kumi. Mama naye hakuambiwa.

Sasa Kalamu aliketi mezani, macho kwenye kompyuta. Fundi Kiraka alikuwa anakifuata kigoda chake kama kawaida. Mguu mzima ukakanyaga.

Ko, ikasikika koridoni.

Mguu mbovu ukaburutwa.

Shr... rrr.

Kalamu aliusogelea uso wa kompyuta. Mchoro wa kumi na moja uliharibika kwa chai zamani, naye kwa uvivu hakuuchora upya. Kwa hiyo kwenye picha, kila mguu mbovu ukifika katikati, unakwama kidogo, unaruka, kisha unaendelea. Mguu wa baba, pamoja na ubovu wake wote, haukuwahi kuruka namna ile hata siku moja.

Shr... rrr.

Yule wa koridoni alikuwa anatembea kwa michoro yake.

Kalamu alinyoosha kidole, akasimamisha picha.

Kimya.

Hatua zilisimama vilevile. Zilisimama nje ya mlango wake. Harufu ya kafuri ikapenya chini ya mlango, na nyuma yake pumzi... nzito, ya mtu aliyetembea mno. Kisha sauti. Ya chini, ya adabu, sauti ya mtu asiyependa kusumbua watoto wakiwa kazini.

"Nikae sasa?"

Kalamu aliziba mdomo kwa viganja. Miezi miwili alikuwa ameomba aisikie sauti ile walau kwa sekunde, na sasa aliisikia na mlango hakuthubutu kuufungua.

"Kaa, baba," alinong'ona. "Kaa."

Pumzi ikatulia kidogo. Ikangoja.

"Kinanikimbia, mwanangu."

Hapo alilia. Alilia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile kulikuwa na watu. Akalifungua bunda jipya, akavuta taa karibu, akaanza kuchora. Kwanza aliuchora upya mchoro wa kumi na moja, ili mzee asiruke tena njiani. Kisha kigoda. Akakichora kimetulia, miguu mitatu chini, hakinyanyuki. Karatasi baada ya karatasi. Mkono wa mzee unaegemea paja. Goti zima linakunjwa kwanza, lile bovu linanyooshwa mbele, kama alivyozoea. Nyuma ya mlango pumzi iliendelea kungoja, na kila alipogeuza karatasi alisema, "Karibu, baba, karibu namaliza." Mchoro wa mwisho aliukawiza. Ulikuwa wa mzee ameketi, mikono magotini, na jina la kipindi limeandikwa ukutani juu ya kipara chake. Alipouweka chini ilikuwa kama saa mbili na nusu hivi, na jirani wa chini alikuwa bado anasikiliza redio.

Aliipiga picha michoro yote, akaipanga kwenye kompyuta, akaondoa ile amri ya kujirudia. Akabonyeza.

Fundi Kiraka akatembea. Akafika. Akakunja goti.

Koridoni kitu kilijishusha polepole. Goti likalia, ka! Kisha ikaja ile pumzi ndefu ya kushusha mabega, ambayo baba aliitoa kila siku akirudi kazini.

"Nisamehe ile mara ya kumi," Kalamu alisema.

 Harufu ilipungua, ikapungua, ikabaki harufu ya karatasi mpya.

Ijumaa darasa lilicheka tena. Kigoda kilipogoma kukimbia na mzee akakaa, kicheko kilikatika kwa wote mara moja. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. "Sasa amefika," alisema. Kalamu alirudi nyumbani jioni akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza. Njiani alipanga maneno. Angemwambia mama yote, la simu, la ukuta, la mara ya kumi, na mama akitaka kumfukuza amfukuze.

Akafungua mlango.

Ko.

... Shrrr.

Bunda la michoro lilimponyoka. Alivuta hewa kwa pua, akatafuta kafuri. Hapakunuka kitu.

Kwenye korido alikuwepo mama. Alikuwa amevaa viatu vya marehemu, vikubwa, visigino vyake vikipwaya ndani. Mkono mmoja ukutani. Alikanyaga kwa mguu wa kulia, akauburuta wa kushoto.

"Mama... unafanya nini?"

"Jana hakupita," mama alisema bila kusimama.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Miezi miwili kila jioni, wewe ukiwa bado chuoni, naketi nyuma ya mlango wangu namsikiliza. Sikukwambia, nisikutie hofu. Jana nimengoja mpaka usingizi ukanichukua. Kimya. Leo nikasema, acha angalau nisikie viatu vyake."

Kalamu alijibanza ukutani. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamekimbia. "Mama, ni mimi niliyemkalisha. Alikuwa amechoka. Aliniomba."

Mama alisimama hapo. Alimtazama mwanawe, na hapakuwa na hasira usoni pake, ingekuwa afadhali hasira.

"Alikuomba wewe," alisema taratibu. "Mimi hakuniambia kitu." Kisha akashusha sauti. "Unaweza kumrudisha? Mchore kidogo. Apite mlangoni kwangu, basi."

"Amekaa, mama. Mwache apumzike."

Mama aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Akageuka, akaanza tena. Ko. Shr... rrr.  Mguu wa mama ulikwama katikati, ukaruka, ukaendelea, palepale penye mchoro wa kumi na moja. Jioni sitini za kusikiliza nyuma ya mlango zilimfundisha hata kosa.

Alikimbia jikoni, akaleta kigoda alichokalia baba akichua goti, akakiweka mwisho wa korido. Mama alikifikia. Jasho lilimtiririka shingoni, na kiganja chake kilikuwa kimeshika ukuta palepale baba alipoushika mara ya tisa.

"Mama, nakuomba. Kaa."

Mama alikitazama kigoda. Akakizunguka.

"Mara moja tena," alisema.