Ng'ombe Aliyeitiwa Gari Badala ya Daktari

Ndugu zangu wa Maramba, nyumba ya Bi Chiku mnaijua, ile yenye banda safi kuliko majiko ya baadhi yetu. Asubuhi ukipita utamkuta anampapasa ng'ombe wake mgongoni, na mkwewe Samiha anakoroga uji uani. Ng'ombe huyo alipewa na chama chetu cha wafugaji kwa desturi yetu: unakopa mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, na ndama jike wa kwanza unampa mwenzako. Ndiyo maana alimwita Amana. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na aliyekuwa na zamu ya kupokea ndama ni mimi Praxeda, jirani yake.

Doa la nyumba ile lilikuwa Rahimu, mtoto wa Bi Chiku. Ni kijana mwema na fundi wa programu za kompyuta, lakini bahili wa maneno. Akitaka chumvi atamwambia mkewe, "Lete ile." Samiha akileta pilipili, ananuna. "Si unajua ninachotaka?" Jamani, atajuaje?

Basi Rahimu akakitengenezea chama wakala wa akili mnemba. Unaandika shida yako kwenye simu, wakala anaisoma, kisha anachagua mwenyewe zana ya kutumia. Zana ya kwanza humwita daktari wa mifugo. Ya pili huita gari la kumpeleka machinjioni ng'ombe aliyevunjika mguu asiyetibika. Wakala huyo hajawahi kukanyaga Maramba. Anachojua kuhusu zana ni maelezo aliyoandikiwa tu. Rahimu aliieleza ya kwanza hivi: "Huduma ya ng'ombe." Na ya pili: "Huduma ya ng'ombe, ya haraka."

Samiha aliyasoma. "Baba Uweso, mbona zinafanana? Hata mimi nisingejua ipi ni ipi."

"Ina akili hiyo, itaelewa," mumewe akajibu, akaenda kucheza bao.

Jumanne moja Amana akagoma kula. Bi Chiku akaandika: "Ng'ombe wangu hataki kula tangu asubuhi, naomba huduma ya haraka." Akajibiwa: "Huduma inakuja." Akashusha pumzi, akaenda kukata majani.

"Wakija watu wa chama wapokee, shoga yangu," aliniambia.

Likaja gari. Dereva, mzee Ernesti, akanionyesha ujumbe wa chama wenye jina la Bi Chiku. Nikadhani Amana anapelekwa kutibiwa. Sikuuliza hata neno moja. Kamba niliifungua kwa mkono wangu huu, na bado unaniuma.

Bi Chiku aliporudi akakuta banda tupu. Rahimu akafungua simu, akasoma alichofanya wakala.

"Mama, limeitwa gari la machinjio. Wakala ameona neno 'haraka', akachagua ile zana ya haraka."

Bi Chiku akakaa chini palepale juu ya mzigo wa majani. Mimi nililia, Yesu na Maria, nililia kama mwenye msiba.

"Ajali haina kinga, mama," Rahimu akanong'ona.

"Hii si ajali, mwanangu. Haya ni mazoea yako."

Rahimu alimpigia Ernesti, simu haikupatikana. Akachukua pikipiki, Samiha akapanda nyuma, wakatimua vumbi. Walimkuta njiani, gari limeegeshwa, mzee anamnywesha Amana maji kwa ndoo.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Natafuta mtandao niwapigie. Nimeambiwa machinjioni, lakini ng'ombe ana mimba na miguu yake yote mizima. Sababu ya kumchinja haijaandikwa. Nikasema kuuliza si ujinga, nikasimama."

Rahimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru tena na tena. Safari hii hakuwa bahili wa maneno.

Walipomrudisha, daktari akaja akakuta tumbo limejaa gesi. Akampa dawa, na kabla jua halijazama Amana alikuwa anacheua. Tulicheka wote kwa furaha, hata mimi niliyevimba macho.

Kesho yake Rahimu alikaa na mkewe, wakaandika upya. Ya kwanza: "Humwita daktari wa mifugo aje nyumbani kwa mwanachama. Tumia ng'ombe anapougua, hata kama ni haraka." Ya pili: "Huita gari la machinjio. Tumia pale tu daktari anapothibitisha kwamba ng'ombe hatibiki. Usitumie kwa ng'ombe mgonjwa ambaye daktari hajamwona. Kwanza muulize mwenye ng'ombe, usubiri akubali."

"Sasa hata mgeni angeelewa," Samiha akasema.

Mchana wakati wa kula, Rahimu akakohoa kidogo. "Mke wangu, naomba chumvi, ile iliyo kwenye kikopo chekundu karibu na jiko." Bi Chiku alicheka mpaka akapaliwa na ugali.

FUNZO

Wenzangu, anayefanya kazi kwa maneno yako, awe mke, dereva au mashine, haoni yaliyo kichwani mwako. Mwambie kitu ni cha nini, kitumike lini, kisitumike lini, na akiwa na shaka aulize. Usiseme "ataelewa" kwa sababu wewe umeelewa. Nasi tunaopokea maneno mafupi tusifungue kamba kabla ya kuuliza.

Amana alizaa jike. Yuko bandani kwangu sasa, ananenepa, na nimemwita Uliza.