Tetemeko Lililoandikwa Lori

Sakafu ya chumba cha mitambo ilikuwa imelowa, na bomba la karibu zaidi lilikuwa upande wa pili wa jengo.

"Umemwaga chai?" mpimaji wa matetemeko alimuuliza mwenzake wa zamu, mzee mkimya waliyembandika jina Redio.

"Chai gani ya chumvi, dada? Hebu onja."

Hakuonja. Harufu ya mwani uliooza ilimtosha. Saa tisa alasiri kalamu ya mtambo ikatikisika mara tatu, ikatulia.

"Lori," alisema Redio.

"Barabara imefungwa tangu juzi, mzee wangu."

Pale kazini ilikuwa desturi: mtikisiko mdogo ukiuandika "lori", huna hesabu ya kupiga wala ripoti ya kutuma. Wote walifanya hivyo, na pengine hata sisi tungefanya. Mwezi uliopita mpimaji mwenyewe aliandika "lori", na meli ya kutengeneza nyaya za baharini ilipouliza kama chini ya bahari kuko shwari, akajibu kuko shwari. Mzamiaji wa meli ile alikuwa kaka yake. Mtikisiko wa pili ulimwangushia jiwe, na mwili haukupatikana. Baada ya msiba alipiga hesabu kwa siri: tetemeko dogo, la kina kifupi, mbali na nchi kavu, kwenye mwamba ule ule alipozamia kaka yake.

Kesho yake Redio alimleta mganga, mama mmoja mnene aliyelaza sikio sakafuni mchana kweupe.

"Ni jini wa mwamba," alinong'ona. "Alitoa onyo, mkaliita lori. Andika ukweli, kisha umwambie mwenye msiba kwa kinywa chako. Ukichelewa, atakuja na sura ya marehemu, na mfiwa atamkaribisha."

Kuandika aliandika siku ile ile, na mtambo ukatulia. Kusema ndiko kulikomshinda. Mke wa kaka yake alikuwa akiishi kwake, na kila asubuhi alimwambia, "Wifi, nimebaki na wewe tu." Utamwambiaje mtu kama huyo? Akasema kesho. Kesho ikawa siku nne.

Siku ya tano alirudi mapema, amekata shauri, na alipofungua mlango alihisi ubaridi ukimpanda kutoka nyayoni, akaona vikombe vikigongana kabatini bila kuguswa, akasikia harufu ile ya mwani ikitoka kwenye mapazia, kwenye mikeka, kwenye nguo za wifi yake aliyekuwa jikoni akipasha maji huku akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulifanya tangu habari za kifo zilipofika.

"Wifi, acha hiyo sufuria, nisikilize. Mimi ndiye niliyesema kuko shwari. Sikupima. Niliandika uongo ili niwahi kwenda nyumbani. Nimemuua kaka yangu."

Wifi yake hakulia. Alimfuta machozi kwa ncha ya kanga yake iliyolowa, akatabasamu kama mtu aliyesamehe zamani.

"Shh, taratibu wifi, utamwamsha," alisema. "Amefika adhuhuri, amechoka, mwili baridi kama barafu. Tangu alipoingia anakuulizia wewe."

Chumbani, kitanda kikalia. Mtu aliteremsha miguu sakafuni.